Nyigu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Profesa katangaza leo maabara nzima ikisikia: atakayepata kwa mdudu bakteria wanaoua bakteria wenzao, atapanda naye ndege kwenda mkutanoni. Ndege! Mpinzani ni mmoja tu, Miwani, jirani yangu wa meza. Yeye kachagua sisimizi. Kawapanga kwenye vichupa kwa ukubwa. Mtu wa kupanga sisimizi kwa ukubwa ataniweza mimi? Nataka nyigu wanaojenga kwa udongo. Baadhi yao hubeba bakteria wanaotengeneza dawa. Na najua walipo: barazani kwa mama mkwe, juu ya mlango.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa mama mkwe. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Kafurahi mpaka nikaona aibu. Kidogo. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikapanda kiti, nikaanza kukwangua kiota kwa kijiko cha sukari. Nyigu hakuafiki. Kaniuma kidole gumba! Kiti kikaenda huku, mimi kule. Mama mkwe akatoka mbio, akauliza natafuta nini juu ya mlango wake. Nikasema nasafisha. Akaniambia, “Mwanangu, tangu umuoe binti yangu hujafuta hata viatu mlangoni hapa.” Lakini akanipaka dawa ya vidonda, akanikataza kuosha gumba siku mbili. Nyigu ninaye, kafia kwenye kikombe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemsaga nyigu. Nimempaka kwenye visahani saba vya jeli, vyenye vijidudu vya majaribio. Kibanio anacho Miwani, na kumwomba ni kujishusha. Glavu haikuingia, gumba limevimba kama kiazi. Basi nikapaka kwa gumba. Kisahani cha saba nikatumia kijiti, maumivu yalizidi.

Ijumaa, 8 Machi
Maduara! Visahani sita, kila kimoja kina duara safi, hakuna kijidudu hata wa dawa. Cha saba hakina kitu. Nimekisukuma nyuma kabisa, ndani ya kabati la joto la kukuzia vijidudu. Nimemwalika Profesa aje Jumatatu, na wageni wake wote. Nimeazima sanduku la safari kwa shemeji. Lile kubwa.

Jumatatu, 11 Machi
Profesa kainamia visahani. Kisha kaniomba gumba langu, akaliweka juu ya duara. Sawasawa! Mpaka alama ya kovu langu la utotoni. Akauliza nilipaka nini. Ikabidi nimpigie simu mama mkwe mbele ya watu wote. Akasoma maandishi ya tyubu, kwa sauti, polepole: dawa ya kuua bakteria. Mgeni mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kuwashinda wote, ionekane ulikuwa utani wangu.

Alhamisi, 14 Machi
Zamu ya Miwani kusafisha kabati la joto. Kaniletea kisahani. Ndani kuna kitu cheupe, ungaunga, kinanukia udongo uliolowa mvua, na pembeni yake duara. Akauliza, “Hiki si chako?” Mtego huo! Anataka nichekwe tena. Nikasema si changu. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia akichukue, akilaze kitandani kwake akitaka. Kanishukuru kwa adabu. Dharau tupu!

Ijumaa, 22 Machi
Miwani karudia majaribio wiki nzima. Kumbe bakteria wa nyigu wangu! Wanaua kwelikweli, wala hakuna dawa ya tyubu. Nikaenda kwa Profesa kudai haki yangu. Miwani, kwa masikitiko yasiyo na unafiki, akaeleza kwamba aliniuliza mara mbili. Akaomba jina langu nalo liandikwe. Litaandikwa, mwishoni, kama mtu aliyeleta nyigu. Atakayepanda ndege ni yeye. Mke wangu kacheka mpaka machozi, kisha akanipikia ninachokipenda.

Jumamosi, 23 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: nyigu alikuwa mdogo mno. Fundi seremala wa mtaa wa pili ana mavu kwenye dari ya karakana, wanene, wenye sauti ya pikipiki. Kanionya nisiwasogelee. Nimemwambia naja kesho kupima kabati. Miwani kasikia, kajitolea kunisindikiza na nguo za kinga, jozi mbili.

Nimekataa. Anataka kuniibia mavu wangu.