Shamba la Flamingo

Kombi ya yule mzungu wa Ainabkoi ilipobaki mikononi mwake, dalali Ephantus aliizunguka huku akipiga mluzi. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki na mapazia ya maua. Mzungu alikuwa ameuza shamba lake na kurudi kwao, akamwachia funguo amtafutie mnunuzi. Ephantus alitafuta kwa bidii sana, ila si mnunuzi wa kombi.

Miaka hiyo Eldoret nzima iliugua homa moja: mashamba. Wazungu walikuwa wanaondoka, kampuni za kununua ardhi zilizaliwa kila Jumatatu, na mume aliyekosa hisa alipikiwa chakula kwa kununiwa. Mgonjwa mahututi kuliko wote alikuwa Mzee Wanyoike, mwenye duka la sukari na mafuta ya taa karibu na stesheni. Alikuwa amechelewa shamba la Moi's Bridge, akachelewa tena Kiplombe. Ephantus alimkuta ameegemea kaunta, uso umemshuka.

"Mzee, kuna shamba Nakuru," alimnong'oneza. "Lina ziwa."

"Ziwa lote?"

"Lote. Fensi iko. Na mifugo tayari iko ndani."

"Mifugo gani?"

"Ya kila aina," alisema Ephantus, na hapo, tumpe haki yake, hakusema uongo.

Jumatatu ya Pasaka wakaondoka. Mzee Wanyoike alikaa mbele kama waziri. Nyuma, kwenye kitanda, walikaa mkewe Warigia, amekumbatia kiondo cha mkonge chenye pesa zao zote za rubuni ya shamba, mahindi na viazi vya njiani vikiwa miguuni, na rafiki yao Yusuf, msafirishaji wa ng'ombe, ambaye njia nzima kupitia Timboroa alilalamikia vile Ephantus anavyobadilisha gia za kombi ya mzungu wa Ainabkoi. Mpango wa Ephantus ulikuwa mwepesi: awashushe wapange foleni, yeye aendeshe hadi "ofisini" na kiondo, kisha barabara ya Nairobi imchukue.

Walipofika kwenye lango la mbuga ya wanyama ya Nakuru, Ephantus mwenyewe alishtuka. Magari yalikuwa yamejazana hadi barabarani. Mabasi ya shule, pikapu za familia, watalii wamesimama juu ya viti, watoto wanalia, honi zinapigwa. Mzee Wanyoike alishika kichwa.

"Tumechelewa tena! Hawa wote ni wanunuzi?"

Ephantus hakuwa amepanga umati, lakini alijua zawadi akiiona. "Si nilikuambia, Mzee? Unaona yule mzungu na darubini? Surveyor huyo. Anapima mpaka."

"Na yule anayepiga picha?"

"Anatengeneza ramani."

Warigia alitoa kichwa dirishani akasoma kibao kikubwa cha langoni, neno kwa neno. "Kijana, hapa wameandika 'National Park'. Hiyo ni nini?"

"Park ni kupaki, Mama," alisema Ephantus bila kupepesa jicho. "Na national ni ya taifa. Taifa zima linapaki hapa, halafu linaingia kununua."

"Kumbe!" alisema Warigia. Akamwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Yusuf, hebu unisaidie na hili jiko. Mzee wangu anataka chai." Akavuta pazia kati yao na viti vya mbele.

Chai ilipokuwa tayari, Warigia alimpa Ephantus kikombe, akampa na kiondo. Kilikuwa kizito, mdomo umeshonwa kwa uzi.

"Kwa foleni hii tutalala hapa," alisema. "Wewe ndiye unajulikana kwa mwenye shamba. Enda kwa miguu, upite wengine. Lakini tuachie funguo, Yusuf awe akisogeza gari."

Ephantus alisita. Akapima kiondo kwa mkono mmoja, akapima kombi kwa macho. Kiondo kilikuwa na uzito wa kombi tatu. Akaweka funguo kwenye kiganja cha Warigia, akamuaga Mzee kwa heshima zote, akajipenyeza kando ya basi la shule wakati askari wa lango anabishana na dereva.

Nyuma ya kichaka alikata uzi kwa meno. Alitoa hindi la kuchemsha. Akatoa lingine. Akachimba mpaka chini: mahindi, viazi, na jiwe moja safi lililofungwa kwa leso.

Alikuwa bado anaomboleza wakati nyani mmoja dume alipokaa mbele yake, akanyoosha mkono. Nyuma yake walikuja jamaa zake. Ephantus alipojaribu kukimbia na kiondo, aligongana na askari wa wanyama.

"Wewe! Humu hakuna kutembea kwa miguu. Unafanya nini?"

"Naangalia shamba," alisema Ephantus, maana mdomo wake haukujua kazi nyingine.

Askari alicheka mpaka akaegemea bunduki. Kisha akampa gunia, na hadi jioni Ephantus aliokota maganda ya machungwa ya watu wa Pasaka, huku flamingo maelfu wakimtazama kutoka ziwani. Alipofika langoni, taifa lilikuwa limeshaondoka, na kombi pia.

Ilimchukua muda kurudi Eldoret, na muda zaidi kupata ujasiri wa kupita barabara ya Nakuru. Huko aliikuta kombi imepaki kando ya barabara, mlango wazi, madereva wa malori wamekaa kwenye benchi wanakula chapati na ndengu. Mzee Wanyoike alikuwa anaosha vikombe. Na polisi, Ephantus angewaambia nini? Kwamba kombi isiyo yake imeibwa na watu aliotaka kuwaibia?

Akakaa mwisho wa benchi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Dereva mmoja alikuwa anauliza hiyo nyumba ya magurudumu ilitoka wapi.

"Ni mzungu wa Ainabkoi," alisema Warigia huku akigeuza chapati. "Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili. Akasema, Mama, mashamba nimeuzia wenye pesa, lakini hii naachia mtu mwenye roho safi. Akalia yule mzee. Akalia, akapanda gari moshi bila kugeuka."

Madereva waliacha kutafuna. Mmoja akavua kofia. Ephantus, aliyejua kwamba, ukiondoa mzungu na Ainabkoi, hadithi hiyo haina hata neno moja la kweli, alishangaa kukuta machozi yakimlengalenga.