Kasida Iliyokwama Winguni

Jumatatu, 10 Februari

Bi Mina kaja asubuhi, chai sijaonja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa juu ya spika yangu kubwa kama kigoda. Mjukuu wake Naila anaolewa Jumapili, hapa hapa Dunda. Anataka nipige ile kasida ya marehemu mumewe, Mzee Dadi, niliyoitoa kwenye kanda mwaka juzi. Anasema katikati yake kuna mahali mzee anakatiza, anasema maneno. Hayo maneno ndiyo anayoyataka. Hajayasikia tangu redio kaseti yake ilipokufa. Ni maneno gani, hakusema.

Nikimpigia kasida hiyo, muziki wa harusi yote ni wangu. Nikishindwa, ataitwa Kibwana wa Zinga. Kibwana! Mtu ana spika mbili na flashi moja, anajiita Mfalme wa Sauti!

Nikamwambia Bi Mina asitie shaka, kasida ipo winguni. Akatazama juu. Kweupe, jua la Februari, hata kiwingu cha dawa hakuna. Akauliza nani kaniruhusu kumpandisha mumewe mbinguni kabla ya siku ya hesabu. Ikabidi nimweleze: ni wingu la simu, maktaba ya muziki, inaitwa Santuri Wingu. Unapandisha nyimbo zako huko, unazifuta kwenye simu, siku ukizitaka unazipakua. Mimi nilizifuta ili nipate nafasi ya video za ufugaji wa kware. (Kware wenyewe walikufa. Video ninazo.)

Akauliza na kanda yake iko wapi. Nikasema ipo salama, inafanya kazi.

Sikusema uongo. Utepe wake nimeufunga kwenye vijiti shambani kwangu tangu msimu wa mpunga. Upepo ukivuma unalia vuuu, ndege hawasogei. Mzee Dadi analinda mpunga wangu, Mola amrehemu.

Jumanne, 11 Februari

Nimebonyeza Pakua. Simu ikasema: Upakuaji umeshindikana. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Umeshindikana.

Nikafungua ukurasa wa msaada. Unasema angalia mtandao. Nikauangalia, upo. Unasema zima simu kisha washa. Nikazima na kuwasha mara saba, nikasoma na Bismillahi. Ya saba ikaleta ujumbe mpya: Kosa namba 16. Umefikia kikomo cha vifaa. Ondoa kifaa kimoja, kisha jaribu tena.

Kumbe vifaa! Nikatazama chumba. Kweli vimezidi, hata pa kupita hapana. Nikatoa spika moja nje. Nikajaribu. Kosa namba 16. Nikatoa ya pili. Amplifaya. Feni. Pasi. Kosa lile lile! Mwisho nikalisukuma friji mpaka uani, mgongo ukalia kah.

Mke wangu Sikuzani akarudi sokoni, akakuta friji lake juani na paka watatu wanalisubiri. Akauliza tunahama? Nikamjibu ni mambo ya ufundi. Akachukua simu, akasoma ujumbe, akaniuliza kama nina hakika kifaa wanachokisema ni friji. Nikajifanya nakunja waya, kulinda heshima yangu. Tumekula vibua vyote kwa mpigo mmoja, visije vikaoza.

Jumatano, 12 Februari

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Kajibu mwanamke, haraka ajabu, jina lake Lulu. Nikamsalimu vizuri: hujambo, watu wa kwako hawajambo, umeamkaje. Akasema hajaelewa, nichague moja mpaka nne. Watu wa mjini hawana adabu. Nikachagua tatu.

Lulu kanifafanulia. Kifaa ni simu. Maktaba moja inaruhusu simu kumi, na yangu ina kumi tayari. Yangu mwenyewe haimo! Ilijitoa siku ile niliyoizimazima nikitafuta nafasi ya kware, na mtu mwingine akaingia papo hapo.

Hapa nikiri, maana shajara haisomwi na mtu. Mwaka jana nilianzisha Uanachama. Niligawa neno langu la siri kwa watu tisa, kila mmoja kwa kitu chake. Ibrahimu wa Kerege, mwenye mabanda ya kuku, hunipa trei ya mayai. Dereva wa lori wa Chalinze huniletea vitunguu. Sikuzani nilimpa bure, tumezaa pamoja. Wa mwisho ni Ustadhi Muzammil, sijapata kumwona ana kwa ana, tumejuana kwa simu tu. Mtu wa dini. Haulizi nyimbo za kidunia, anauliza kasida tu, hasa za Mzee Dadi. Simu ya kumi kwenye orodha ni yake pia. Ana mbili. Uchamungu una mahitaji yake.

Nikamwambia Lulu awatoe wote. Akasema nafasi zangu za kuwatoa watu mwaka huu zimekwisha. Kweli, Januari niligombana na watu wanne, nikawatoa, tukapatana, wakarudi. Sasa lazima mwenye simu ajitoe mwenyewe. Nikamwambia Lulu nimekata tamaa. Akauliza kama huduma yake imeniridhisha, nyota ngapi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda Kerege kumwomba Ibrahimu ajitoe. Kakataa katakata. Anasema kuku wake wamezoea taarabu ya saa nne, bila taarabu hawatagi. Akanionyesha. Akazima muziki, na kuku mia mbili wakageuka kunitazama mimi. Nikaondoka.

Nikampigia dereva wa Chalinze. Anasema yeye akikosa muziki anasinzia, na akisinzia damu yake itakuwa juu yangu. Nikampigia Ustadhi Muzammil. Akasema kujitoa katika jambo la kheri si vizuri. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole, kama harusi ya Jumapili nimeshapata kila kitu. Nikamwambia ukweli wote, mtu kama yule humfichi. Akaniombea dua ndefu.

Nikarudia njia ya shambani. Utepe unalia kwa upepo. Nikauweka sikioni. Vuuu tu. Mahali hapo penye maneno ya Mzee Dadi labda ni palipofungwa fundo, labda ni pale njiwa alipojisaidia. Nilisimama pale nikaona aibu. Bi Mina hana picha ya mumewe hata moja. Kanda ndiyo ilikuwa picha.

Nimeandika hayo ili nisisahau. Sasa nina njaa.

Jumamosi, 15 Februari

Jana sikuandika, nilikuwa nawabembeleza wanachama. Hakuna aliyejitoa.

Leo asubuhi Sikuzani anafua. Akauliza bila kugeuka: katika hao kumi, mimi simo? Nikasema umo. Akafuta povu mikononi, akachukua simu yake, akabonyeza mara mbili, akasema ametoka. Akarudi kwenye beseni.

Siku nne! Nauli ya Kerege! Mgongo wangu na friji! Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema aliogopa ni mambo ya ufundi.

Nimeingia. Nimebonyeza Pakua. Na imeanza! Asilimia moja. Mbili. Nikamfuata Bi Mina mbio, nikamwambia mzee yuko njiani. Akashika ukingo wa mlango. Akasema usiku huu hatalala.

Kufika jioni, asilimia kumi na tisa. Nimeligundua tatizo mwenyewe, bila Lulu. Wanachama nao wanapakua! Wingu ni kama bomba la maji, majirani wote wakifungulia, kwako linatoka tone. Dawa ninayo. Kesho nitawapiga marufuku.

Jumapili, 16 Februari

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba ya Bi Dija, jirani ya harusi. Nimejificha. Acha nianze mwanzo.

Saa tano, spika zimepangwa, kasida imefika asilimia sabini na moja. Nikawaandikia wanachama: "Jamaa, ni MARUFUKU kupakua chochote mpaka niseme mimi. Mnapopakua wote kwa pamoja mnanikwamisha. Kuna anayemwonea huruma Bi Mina? Basi asipakue hata kidogo." Nikatuma kwenye kundi. Nikanyamazisha simu, ujumbe usije ukanivutia mtandao.

Nikah ikafungwa, mambo mazuri. Asilimia themanini na nne. Wageni wakakaa kwenye mikeka, wakanawa. Wakasubiri. Harufu ya pilau inakuja kutoka uani, pilau yenyewe haiji. Tisini. Shehe akanawa mara ya pili. Wazee wa upande wa bwana harusi, waliotoka Zinga alfajiri, wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuuliza. Mtoto mmoja akalia, na watu wakamtazama kwa wivu.

Nikasikia harufu ya ukoko. Mtu mmoja kwenye mkeka akasema pilau inaungua, kwa nini hawapakui? Hapo nikakumbuka ujumbe wangu.

Nikafungua simu. Kundi nililotumia si la wanachama. Ni Kamati ya Harusi! Na mkuu wa jikoni, Bi Habiba, amejibu: "Tumesikia. Hapakui mtu." Chini yake wapishi kumi na mmoja: "Hapakui mtu."

Nikakimbilia uani. Bi Habiba amekaa mbele ya masufuria, upawa magotini, kama askari. Nikamwambia wapakue. Akasema amri imetoka kwa ajili ya Bi Mina, haiwezi kutenguliwa na mpiga spika. Nikamwambia amri niliitoa mimi, nilimaanisha kupakua kwa simu. Akaniuliza toka lini pilau inapakuliwa kwa simu. Wapishi wakacheka mpaka wakashikana. Hawakupakua.

Nikarudi kwenye spika. Tisini na tisa! Nikasema basi, angalau kasida. Simu ikasema: Upakuaji umeshindikana. Nafasi haitoshi. Futa baadhi ya video.

Kware! Nikafungua video zangu. Namna ya kutotoa kware. Magonjwa ya kware. Kware na soko la Uarabuni. Nifute ipi? Zote zina elimu! Nikawa nazitazama moja moja, huku Bi Mina amekaa kule mbele na kanga yake mpya, hajanitolea macho, anaitazama spika tu.

Ghafla spika ikanguruma. Si mimi! Sauti ya Mzee Dadi, safi, na matari nyuma yake. Nikageuka. Kibwana! Kaja kwa upande wa bwana harusi, kavaa kanzu, kachomeka simu yake kwenye amplifaya yangu. Kaitoa wapi? Nikampigia Ustadhi Muzammil nimwambie tumeibiwa. Simu ikaita ndani ya kanzu ya Kibwana, mlio wa adhana.

Sikupata muda wa kukasirika. Katikati ya kasida, sauti ikakatika. Matari yakanyamaza. Mzee Dadi akakohoa, halafu akaita, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Mina! We Mina! Waambie wapakue bwana, watu wana njaa!"

Bi Mina akasimama. Ana miaka themanini na mbili, hakushika fimbo wala ukuta.

"Labeka," akasema. "Nawaambia, mume wangu."

Akageukia uani, machozi yanamtiririka na anacheka. "Habiba! Hamsikii? Mwenyewe anasema mpakue."

Mifuniko ikalia yote kwa pamoja. Masinia yakatoka mbio. Shehe mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa mkono ambao ameshaunawa mara mbili, ikabidi anawe tena. Nami nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka Sikuzani akanipa ncha ya kanga yake. Kisha akaninong'oneza niondoke upesi, Bi Habiba anakuja na upawa.

Jumanne, 18 Februari

Mambo yametulia. Kibwana kapewa kazi ya muziki wa harusi mbili zijazo. Kwa aibu kajitoa kwenye maktaba, simu zake zote mbili. Nimemsamehe, kwa sababu kasida niliipandisha mimi, kwa hiyo aliyefanikiwa ni mimi. Nimemweleza hivyo Sikuzani. Akasema haya.

Leo Bi Mina kaja tena, akakaa juu ya spika. Kaleta kanda ya pili, ilikuwa sandukuni chini ya kanga, na imebaki hiyo tu. Mzee Dadi anasoma barua aliyomwandikia akiwa Pangani, kabla hawajaoana. Anaomba niihamishe kwenye simu ya Naila. Akanishika mkono, akanisihi: nisiipeleke winguni, na kanda nimrudishie. Nikamwapia.

Nimeihamisha kwenye simu yangu kwanza. Sauti nzuri mno. Lakini nafasi haitoshi. Nimepata video nane za ufugaji wa majongoo ya bahari, biashara ambayo hakuna aliyewahi kuifilisikia, kwa sababu hapa hakuna aliyeianza. Nimefikiri. Nikaipandisha barua winguni kwa muda mfupi tu, nikaifuta kwenye simu. Kesho nitaipakua, nimpe Naila.

Jioni kapiga simu mwanachama mpya, Maalimu Muzammili wa Pangani, anataka kujiunga. Kaniuliza kama nina chochote cha Mzee Dadi. Sauti ya upole sana, yenye dua, kama ya yule wa kwanza. Lakini huyu ni wa kweli, kaniambia mwenyewe. Nimempa neno la siri, akaingia na simu mbili, na simu yangu ikasema vifaa sasa ni kumi kamili.

Kanda iko hapa mezani. Nimeivuta utepe kidogo kuutazama. Mrefu, unang'aa. Sikuzani anasema masika haya tutapanda mpunga eneo mara mbili, na ndege wameanza kuonekana.