Kidonge Kimoja, Kura Moja

Jumatatu, 12 Mei

Uchaguzi ni Jumamosi! Kikundi chetu cha wastaafu, kinachocheza dansi kila jioni uwanjani mbele ya soko, kinachagua kiongozi. Mimi, Pang Suzhen, nimecheza safu ya mbele tangu nilipostaafu kiwandani. Mpinzani wangu Kong Lirong ana nini? Ana spika. Kubwa, ya magurudumu, anaikokota kama mbuzi. Ndiyo sera yake yote.

Lakini leo nimeona mwanga. Spika ya Kong inapiga hadi meno yanacheza kinywani. Mazoezi yalipokwisha, Dada Tao alikuwa ameshika kichwa, machozi yanamtoka. Mkobani nina vidonge vyangu vya kipandauso, nilivyoandikiwa na daktari. Nikampa kimoja. Baadaye akapiga simu kusema mimi ndiye dada wa kweli.

Kong anaumiza vichwa, mimi natibu. Kazi imekwisha.

Jumanne, 13 Mei

Nimegawa vinne. Mkono mtupu haulambwi.

Kweli, daktari alisema mengi siku ile. Nimeze maumivu yanapoanza. Nisizoee kumeza kila mara, maana dawa hii ikizidi, yenyewe huleta maumivu. Nisimpe mtu mwingine hata akilia, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au presha. Alisema haraka haraka, nami nilikuwa nawahi mazoezi. Na wanawake hawa nawajua. Wazima wote, wanaruka kama watoto.

Mume wangu, Mzee Geng, ameona pakiti inapungua, akauliza kama nimefungua duka la dawa. Nimemwambia ale tambi zake.

Alhamisi, 15 Mei

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Xi Meilan ni rafiki yangu tangu ujana. Bwenini kiwandani yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Leo alisimama kando akitazama wenzake wanapokea. Nikamfuata na kidonge. Akasita. Nikamnong'oneza asinitie aibu mbele ya watu. Akameza.

Tulikuwa tunakusanya mikoba alipokaa ghafla kwenye ngazi. Kifua kinambana, alisema, na shingo pia. Uso ulikuwa rangi ya majivu. Aliyeita gari la wagonjwa ni Kong, si mimi. Kong akauliza kama kuna mtu amempa Meilan kitu chochote. Wote wakatazama viatu vyao, maana nao walikuwa wamemeza.

Nikasema, maji tu.

Maji tu! Nimeliandika hapa nilione. Loo, mwanamke mimi sina haya.

Nimefika nyumbani, binti wa Meilan, Yating, akapiga simu. Madaktari wanataka kujua mama amemeza nini, wasije wakampa dawa ya kugombana nayo. Mama kafumba mdomo. Anasema hataki kumponza mtu.

Nilijua anayemficha ni nani. Na unajua nilifanya nini? Nilikaa nikahesabu kura. Chai ikapoa mbele yangu, nahesabu kura! Mzee Geng akaiweka pakiti mapajani mwangu. Ndipo nikakimbia hospitali, na viatu vya kuchezea miguuni.

Daktari, msichana mdogo, aliisoma pakiti, akauliza kama nilijua kwamba mshipa wa moyo wa Meilan umewekewa kiwaya cha kuupanua. Sikujua. Alituficha, kwa sababu kikundini kwetu mwenye ugonjwa wa moyo hupelekwa safu ya nyuma. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Ametulia. Moyo haukuumia, wamesema, ila ilibaki kidogo. Vidonge vile hubana mishipa, na wake tayari ni mwembamba.

Nilimkuta amekaa kitandani, nikaanza kujitetea. Nikasema mimi nilitaka tu maumivu yake ya kichwa yapoe. Akanitazama kwa huruma.

"Suzhen, kichwa hata hakikuwa kinaniuma."

Nikamuuliza, sasa ulimeza kwa nini?

"Niliogopa nisipomeza utadhani nampigia Kong kura."

Hakukasirika. Afadhali angenizaba kofi. Nilitoka nikalia ukumbini, karibu na birika la maji ya moto la hospitali, watu wanajaza chupa zao wakinizunguka. Natamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 17 Mei

Kabla ya kura nikasimama nikasema yote. Dada Tao akageuza uso.

Kong kashinda. Mimi nimepata kura moja. Naijua, niliipiga mwenyewe. Jambo la kwanza alilofanya Kong ni kupunguza sauti ya spika. Wakampigia makofi!

Jioni kipandauso kikanijia, cha kweli, jicho la kushoto linataka kutoka. Pakiti tupu. Na kwa daktari nitaanzaje? Nitasema vimekwenda wapi? Nimelala gizani na ndoo kando ya kitanda. Mzee Geng kaniwekea taulo mbichi kichwani. Hakuuliza kuhusu duka.

Jumatano, 21 Mei

Meilan yuko nyumbani! Nimempelekea supu ya kuku. Bado nashindwa kumtazama machoni, lakini kanikaribisha, kanipa kiti kizuri.

Amebadilishiwa dawa. Hizi mpya zinampa kizunguzungu kila asubuhi, maskini. Mimi dawa sigawi tena, nimeapa kwa kaburi la mama. Lakini ushauri si dawa. Basi nikamwambia kwa upole, dada kwa dada, akate vidonge nusu, au awe anaruka siku. Shemeji yangu hufanya hivyo na yu mzima.

Meilan kanishika mkono. Kasema asante, atamuuliza daktari kwanza.

Daktari kwanza! Urafiki wote huu tangu bwenini, na bado haniamini.