Mafundo Arobaini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Felomena ameondoka. Amepanda bodaboda kwenda Nkowe kwa dada yake Makrina, godoro kaliacha sakafuni. Kisa ni mbao za kitanda chetu. Nilizing'oa jana, Pentekoste, yeye akiwa kwenye sala ya jumuiya. Nilimweleza kwa upole kwamba mninga kama ule Ruangwa haupatikani tena, na boti ya kivita haijengwi kwa mbao za mwembe. Hakuelewa. Atarudi, kasema, siku kitanda kitakapokuwa kitanda na neno boti litakapokuwa limenitoka mdomoni.

Inaniuma. Lakini Jumamosi kuna maonyesho ya wabunifu Nachingwea, na inasemekana ofisa wa jeshi la wanamaji atapita. Bahari iko mbali na huku, kweli. Ndiyo maana adui hatatutegemea! Boti nimeipa jina Nyota ya Bahari. Mama Maria hawezi kuiacha izame.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwona Mwalimu Anuari, anayefundisha jiografia. Kaletwa huku kutoka Tanga, bahari anaijua. Nikamuuliza boti ya vita iendayo kasi lazima iwe na nini. Bila kuinua macho kwenye kahawa yake akasema mafundo arobaini. Yenye mafundo thelathini itaachwa nyuma.

Kumbe siri ni kamba! Na mimi fundi seremala miaka yote hii napigilia misumari.

Nimeing'oa yote. Nimefunga mbao kwa kamba ya mbuzi na kamba ya Felomena ya kuanikia nguo. Mafundo arobaini, kila fundo na Salamu Maria yake.

Mikidadi akaja kuchungulia. Huyu ni fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya barabara, mtani wangu. Akauliza kama hii ni manowari au mzigo wa kuni. Wateja wake wakacheka. Nikamweleza kwa heshima: boti ya namna hii hukimbia kwenye maji mafupi, penye mikoko na mafungu ya mchanga, ambako meli kubwa hukwama. Inapiga, inatokomea. Akasema kwenye kutokomea hana wasiwasi nayo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya.

Tuliipeleka, mimi na dereva wa guta, hadi lambo la ng'ombe. Mashine ya kumwagilia nimeazima kwa huyo huyo Mikidadi: inavuta maji mbele, inayatema nyuma, boti inasukumwa. Mzinga ni bomba la chuma, nimeufunga puani kabisa, adui auone mapema. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikavuta kamba ya mashine.

Ikaondoka! Mungu shahidi yangu, ikaondoka.

Kisha pua ikainama kwa uzito wa mzinga. Maji yakaingia. Mafundo yakaanza kulegea, moja, jingine, kama watu wanaochoka na mkutano. Mbao zikaagana. Mashine ikakohoa, ikazama. Nikabaki nimesimama, maji kifuani. Ng'ombe waliokuja kunywa wakanisubiri nitoke.

Mwalimu Anuari alikuwepo. Akauliza kamba zote zile za nini. Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Hakucheka, afadhali angecheka. Akasema fundo huko baharini ni kipimo cha mwendo.

Sijala. Nyumba bila Felomena ina mwangwi, hata kikohozi changu kinanijibu. Nimesali rozari peke yangu, nikawa naitikia mwenyewe.

Nadhani mwalimu ananificha. Watu wa pwani hawawezi kumpa mtu wa bara siri yote.

Jumamosi, 14 Juni

Maonyesho yamepita bila mimi. Mikidadi amekwenda na mashine yake ya kubangua korosho, karudi na cheti shingoni kama medali. Akaulizia mashine yake ya maji. Nikamwambia inakauka.

Mimi nimeunda kitanda. Mbao zimepinda, kimeinama kidogo, upande wangu. Nikampigia Felomena. Akauliza kama nimelewa. Nikamwambia hapana, nimelia. Akasema nimfuate kesho baada ya misa.

Asante Mungu. Boti basi. Nimeapa mbele ya msalaba.

Jumapili, 15 Juni

Utatu Mtakatifu. Baada ya misa nimekwenda Nkowe kwa baiskeli. Shemeji Makrina kanipokea bila kunipa kiti. Felomena akatoka na mfuko wake umeshafungwa. Akanitazama sana.

"Baba Scola, yamekwisha?"

"Yamekwisha, Mama Scola."

Akapanda nyuma. Akanishika kiuno. Sijashikwa hivyo siku nyingi, nikataka kulia. Tukafika kwenye mteremko. Baiskeli ikatulia kwa uzito wake nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi, tukakata upepo. Hapo ikanijia. Nikageuka, nikamwambia kwa mapenzi yote:

"Mke wangu, mzinga ulitakiwa ukae nyuma."

Akaniomba nisimame. Akashuka, akatwaa mfuko wake, akarudi Nkowe kwa miguu. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka.

Nimeendesha peke yangu hadi Ruangwa, machozi yananikaukia usoni. Njia ilikuwa fupi ajabu. Baiskeli inaruka tu, haina mzigo.

Kumbe mzinga hautakiwi kabisa!