Maua ya Jioni Yameniaibisha Mchana

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Huku sote wazima. Heshima yangu tu ndiyo inaumwa tangu Jumapili.

Ulikuja saa sita mchana, ukatazama bustani, ukaona vijiti vyenye vichwa vilivyosinyaa, ukasema mbele ya wateja wangu: "Mkwe, hata maua yamekushinda, sembuse binti yangu?" Ukabeba mkoba, ukaondoka bila hata kukaa. Tangu hapo binti yako ananijibu kwa mguno. Kwa unyenyekevu nayashtaki maua yenyewe, na nakushtakia wewe, maana mbegu ulizinunua wewe kwa kupenda picha ya pakiti.

1. Mwaka wa kwanza hayakutoa ua hata la dawa. Yalitandaza majani chini, basi. Jirani yangu fundi wa kuchomelea alichungulia akaniuliza, "Bwana, huo mchicha utaiva lini?"

2. Uliniagiza niyape jua. Nikahamisha kamba ya nguo, nikayapa pale penye jua kuliko pote. Suruali zangu sasa zinakaukia kivulini, zikipenda. Nayo, jua likiwaka, yanajifumba, yanalala! Mimi nikisinzia kidogo kwenye cherehani naitwa mvivu.

3. Jua likizama ndipo yanaingia kazini. Yanafunguka huku unayatazama, manjano tupu, na nyumba nzima inakimbilia nje chakula kikipoa. Juzi nami nilitoka mbio kuyaona. Niliporudi nikashona mfuko kwenye goti la suruali ya mteja.

4. Jua la asubuhi likipanda, ushahidi wote umenyauka. Nani ataniamini? Nashuku yalikuona getini, yakajifanya yamekufa.

Kwa hiyo naomba uyaamuru yafuate saa za kazi kama sisi wengine. Yakikataa, tuma mtu mwenye jembe ayang'oe yote, nami nirudishiwe mke wangu.

Nifikishie salamu kwa Baba Mkwe na mashemeji wote, pamoja na yule uliyekuja naye Jumapili, aliyecheka mpaka akashika ukuta.

Ni mimi mkwe wako, ambaye hakuua kitu,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Mama, usitume mtu! Naandika nikiwa uani, na la kwanza limefunguka sasa hivi. Binti yako amekuja kusimama kando yangu, amenishika bega, anasema, "Laiti mama angeona." Njoo Jumamosi, jua likielekea kuzama, na ulale kwetu. Uje na pakiti nyingine mbili. Mbele ya nyumba bado pako wazi.