Pluto Kwenye Msumari

Ijumaa, 25 Agosti 2006

Siku imeharibika kabla ya kengele ya kwanza. Nilikuwa ofisini nakunywa uji. Akaingia Mwalimu Eliudi, yule kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, redio kwapani kama kawaida. Akatangaza mbele ya walimu wote kwamba jana wanasayansi wa dunia nzima wamekutana huko Ulaya, wamepiga kura, na Pluto si sayari tena.

Akanigeukia mimi. "Mwalimu Kipriani, zimebaki nane."

Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi.

Niandike hapa ili ieleweke. Ukuta wa nje wa darasa la saba niliuchora mimi. Mwaka 2003, likizo nzima ya Juni. Jua upande wa kushoto, kisha sayari tisa, siku moja kwa kila sayari. Pluto niliichora mwisho kabisa kwa rangi ya bluu iliyobaki chini ya kopo. Watu wa kijiji chetu cha Mkotokuyana wakipita kwenda mashambani husimama wakautazama. Ukuta kama huo haupo mpaka Nanganga. Nimeuliza.

Na Ijumaa ijayo anakuja Mkaguzi kutoka wilayani. Kiti cha mwalimu wa taaluma kiko wazi, na Mwalimu Mkuu, Bibi Rabia, ametuambia Mkaguzi ndiye atakayependekeza mtu. Eliudi anakitaka kiti hicho. Hajasema. Ndiyo maana najua anakitaka.

Uamuzi wangu: habari hii kaitunga yeye.

Jumamosi, 26 Agosti

Hakuitunga.

Nimekwenda kwa Bwanali, fundi baiskeli, kujaza upepo. Redio yake inalia kutwa nzima. Taarifa ya habari ya mchana ikasoma jambo lilelile, neno kwa neno. Wateja wote wakanitazama mimi, kana kwamba nimefiwa.

Bwanali aliuliza kama hao waliopiga kura walishafika huko Pluto. Nikasema hapana, ni mbali mno. Akauliza, sasa wamejuaje kwamba haifai? Nikasema wana darubini. Akafunga nati mbili kwanza, ndipo akauliza, "Na yenyewe Pluto imeshaambiwa?"

Mzee Kaimu, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekuwa hapo pia, hakushangaa hata kidogo. Alisema ni kama wao walipoambiwa kule kwao si kijiji tena, ni kitongoji. Watu wakalala, wakaamka, mihogo iko palepale. "Tofauti ni mhuri tu, Mwalimu," akasema.

Mama mmoja aliyeleta baiskeli ya mumewe alisema wazungu wana nafasi sana. Angekuwa na nafasi kama hiyo angepalilia.

Nimerudi nyumbani nafikiri. Ikiwa habari ni ya kweli, basi Jumatatu Eliudi atamwendea Mwalimu Mkuu kusema ukuta wangu umepitwa na wakati. Atasema kwa upole. Lazima nimtangulie.

Jumapili, 27 Agosti

Baada ya misa nimekwenda shuleni na ndoo ya chokaa. Hapakuwa na mtu. Nimesimama mbele ya Pluto muda mrefu kidogo. Ilikuwa imenitoka vizuri, duara kabisa, kuliko hata Dunia. Dunia nilikosea, imebonyea upande mmoja.

Nimepaka mara mbili. Sasa Kipriani ndiye mwalimu wa kwanza wilaya nzima kutekeleza uamuzi wa wanasayansi. Mkaguzi akija atakuta ukuta unaokwenda na wakati, siku tisa tu baada ya kura. Nane, nimehesabu tena.

Mke wangu Felomena amepita akitoka kisimani, akasema ukuta umekuwa kama mdomo uliong'olewa jino. Nikamwambia hiyo ndiyo sayansi. Akasema basi sayansi ingemaliza kupaka, maana bluu inachungulia.

Nimepaka mara ya tatu.

Jumatatu, 28 Agosti

Balaa. Darasa la saba walisimama mbele ya lile pengo. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza: wale waliopata vema kwenye jaribio la mwezi wa saba kwa kutaja Pluto, je, watanyang'anywa? Nikawaambia wafungue kitabu. Kitabu kina sayari tisa. Nikawaambia wafunge kitabu.

Saa nne niliitwa na Mwalimu Mkuu. Bibi Rabia hapandishi sauti. Anaweka tu vitu mezani. Aliweka muhtasari wa somo: tisa. Kitabu cha kiada: tisa. Karatasi ya mtihani wa mwaka juzi: tisa. Akaniuliza watoto hawa wanafanya mtihani wa redio au wa taifa. Nikajibu wa taifa. Akasema basi anaomba sayari yake irudi ukutani kabla ya Ijumaa.

Nilipotoka nilimkuta Eliudi mlangoni. Akasema kesho anakwenda Nachingwea mjini kwa baiskeli, anaweza kuniletea kopo la rangi ya bluu. Nikamshukuru, nikakataa. Mtu hakupandii baiskeli mwendo wote ule bila sababu.

Jumanne, 29 Agosti

Nimepata njia. Nimeipata nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata, lakini nimeipata.

Tatizo ni kwamba sijui Mkaguzi ni mtu wa aina gani. Kama ni wa redio, anataka nane. Kama ni wa muhtasari, anataka tisa. Nikiichora Pluto nimekwama na tisa. Nikiiacha nimekwama na nane. Kinachotakiwa ni Pluto ya kuweka na kutoa.

Felomena ana sahani sita za bati alizopewa na shangazi yake Dionisia siku ya harusi yetu. Zina maua pembeni. Hutolewa Krismasi na mgeni akija. Nimechukua ya chini kabisa, ambayo haiwezi kukumbukwa na mtu. Nimeipaka bluu kwa mabaki niliyokwangua kwenye kopo la zamani, nikaandika PLUTO katikati kwa herufi ndogo, nikatoboa tundu ukingoni. Kisha nikapiga msumari mmoja ukutani, penye pengo.

Ukiitundika, tisa. Ukiitungua, nane. Kazi ya sekunde moja.

Nimemwonyesha Bwanali peke yake. Akaitundika, akaitungua, akaitundika tena. Akasema hao wa Ulaya wangefanya hivi tangu mwanzo, wasingehitaji kura.

Alhamisi, 31 Agosti

Mwalimu Mkuu ameona Pluto imerudi, akaridhika. Hakuisogelea.

Chakula cha mgeni kimepangwa kupikwa nyumbani kwangu, kwa sababu ni karibu na shule na Felomena ndiye anayejua kupika wali usiogandamana. Hii ni bahati nyingine. Mgeni akila kwangu, atanikumbuka.

Ijumaa, 1 Septemba

Naandika jioni.

Gari lilifika saa tatu. Mkaguzi ni mtu mzima, mnene, miwani kwenye kamba. Akaingia ofisini kukagua maandalio ya masomo. Mimi nikamfuata dereva wake, Bernardo, aliyekuwa anafuta kioo. Nikampelekea maji ya kunywa, nikamuuliza kwa mbali kama bosi wake ni msikilizaji wa redio. Bernardo akasema redio ya gari ilikufa mwaka jana na mzee hajauliza habari zake. Lakini muhtasari anao kwenye mkoba, akikaa njiani anausoma.

Tisa. Nikaitundika Pluto, niliyokuwa nimeitungua asubuhi kusubiri jibu hilo, nikajipongeza.

Kilichotokea baadaye nimekijua kwa kuunganisha. Saa tano Felomena alipanga sahani, akakuta tano. Wageni na walimu wa mezani ni sita. Akatafuta kabatini, uvunguni, kwa jirani. Akaja shuleni kuniuliza. Akapita kando ya darasa la saba. Akaiona sahani ya shangazi yake imening'inia ukutani, imetobolewa, imepakwa rangi. Amesema alisimama pale akamwomba Mungu ampe subira. Kisha akaitungua, akaenda nayo. Akaisugua kwa majivu na mchanga. Haikutoka. Wali ulikuwa umeshaiva.

Haya yote sikuyajua saa sita, nilipotoka na Mkaguzi, Mwalimu Mkuu, Eliudi na darasa zima kwenda ukutani. Nilikuwa nimewageukia watoto, fimbo mkononi, nagonga bila kutazama, kwa mbwembwe. Watoto wakaitikia kwa sauti moja. Saba, Uranusi. Nane, Neptuni. Tisa, Pluto.

Fimbo ikalia kwenye chuma. Nikageuka. Msumari mtupu.

Mkaguzi akavaa miwani. Akausogelea msumari. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mheshimiwa, kama unavyoona, Pluto imeondolewa."

"Imeondolewa na nani?"

"Na wanasayansi."

"Hapa?"

Nikaeleza kwamba ni huko Ulaya, kwa kura. Akasema mbona watoto wametaja tisa. Nikasema watoto wanafuata muhtasari, ukuta unafuata redio. Mwalimu Mkuu akafumba macho. Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Aliandika kirefu.

Mezani nilikaa ubavuni kwake. Wali, kuku, mchicha. Sahani tano za maua. Ya sita ilikuwa mbele ya Mkaguzi, imejaa, na ukingoni kulikuwa na tundu dogo linalovuja mchuzi kwenye kitambaa.

Nilifanya nilichoweza. Kila bluu ilipochungulia, niliongeza wali. Mkaguzi akashukuru. Nikaongeza. Akasema inatosha. Nikaongeza. Mara ya nne aliufunika mkono wangu kwa mkono wake, akasema, "Mwalimu, nimeshiba." Akausogeza mfupa wa kuku pembeni. Akainama. Akavaa miwani.

"Pluto," akasoma.

Hakuna aliyetafuna. Felomena alikuwa mlangoni na jagi la maji. Akasema hiyo ni sahani ya shangazi yake, na yeye pia angependa kuelezwa.

Aliyeeleza ni Eliudi. Sikumtuma. Alisema Mwalimu Kipriani, kwa kuona kwamba elimu inabadilika na vitabu vinachelewa, ametengeneza sayari ya kutundika na kutungua, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba mambo ya sayansi hayagandi. Alisema yeye mwenyewe hakuwahi kufikiria zana ya namna hiyo.

Mkaguzi alimtazama Eliudi, akanitazama mimi, akaitazama sahani. Kisha akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mifupa. Akasema amekagua shule miaka kumi na tisa, amekalishwa kwenye madawati mabovu, amenyeshewa ndani ya darasa, lakini hajawahi kula juu ya sayari.

Jumamosi, 2 Septemba

Bibi Rabia ametuita kutusomea mapendekezo. Zana ya kutundika imesifiwa. Imeandikwa: "ni nzuri na iigwe na shule nyingine, ila isitumike kwa chakula." Nilikaa wima. Nikasubiri jina.

Mwalimu wa taaluma ni Goreti. Anafundisha Kiswahili darasa la tatu, hakuomba, na wakati wa ukaguzi wote alikuwa darasani anafundisha. Mkaguzi amesema hicho ndicho kilichomvutia.

Goreti amelia. Tumempa mikono. Eliudi amempongeza kwa furaha ya kweli, au anaigiza vizuri mno.

Jioni Eliudi amekuja nyumbani. Ameenda mjini na kurudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amemletea Felomena sahani mpya ya bati. Maua yake si yaleyale lakini yanaelekeana. Felomena amemkaribisha chai na mihogo ya kuchemsha. Wamezungumza habari za mama yake huko Mbeya, ambaye anaumwa miguu. Kumbe kijana ana upweke. Amesema huku kwetu mtu wa kwanza kumzoea alikuwa ni ukuta wangu. Siku aliyoripoti, kabla hajamjua mtu yeyote, aliketi pale akaanza kuhesabu sayari.

Nikamwongezea mihogo.

Alipoondoka nikamwambia Felomena kwamba huyu ana lake jambo. Anajenga kitu. Hakuna mtu anayemtetea mwenzake hivihivi. Felomena aliendelea kupangusa sahani mpya. Akaniuliza, "Baba Letisia, mtu akikusaidia, inakuuma wapi hasa?"

Nimefikiria swali hilo muda mrefu. Ni swali la haki. Nimeamua kubadilika.

Jumanne, 5 Septemba

Redio ya Bwanali imetangaza kwamba mwezi utapatwa Alhamisi hii, na huku kwetu utaonekana. Nimekimbia shuleni. Hii ndiyo nafasi yenyewe. Mwalimu anayetaja kupatwa kwa mwezi kabla haujapatwa hatasahaulika na mkaguzi yeyote.

Nimekuta Eliudi ameshaandika ubaoni ofisini, kwa mwandiko mzuri: Alhamisi. Tena ameongeza kwamba Mwalimu Kipriani ndiye atakayewaeleza wanakijiji. Mtego ulio wazi kabisa.

Basi nimekwenda kwa Mzee Kaimu, nikamwomba awakusanye watu wote uwanja wa mpira, Ijumaa, saa nne kasorobo usiku. Nimemwandikia Mkaguzi barua ya mwaliko kwa mkono wangu, nikaikabidhi kwa dereva wa lori la mbaazi. Imeshaondoka.

Felomena ameuliza kwa nini Ijumaa, wakati redio na Eliudi wote wanasema Alhamisi.

Nimemwambia Alhamisi imeshachukuliwa na Eliudi.