Bakteria Wangu Wamenenepa

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: nafasi ya ajira ya kudumu maabarani ni moja tu. Tuko vibarua wawili, mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Ambaye bakteria wake watatoa dawa nyingi zaidi kufikia Ijumaa, ndiye atakayeipata. Bakteria wenyewe wamepandikizwa jeni: unawalisha asidi za mafuta, wao wanazigeuza kuwa dawa ya kutuliza uvimbe. Kazi rahisi! Mke wangu kanisihi nifuate maelekezo, angalau mara moja maishani. Ana wasiwasi sana mwanamke huyu.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri! Kila siku tunawatilia antibiotiki kidogo. Sumu! Nani hunenepa kwa kulishwa sumu? Miwani anatia tone kwa tone, utadhani anamnywesha mtoto mchanga. Mimi nimeacha.

Jumatano, 5 Machi
Maajabu! Chupa yangu imekuwa nzito kama uji. Ya Miwani bado majimaji. Nimepita mbele ya meza yake mara nne nikipiga mluzi. Akauliza kama natia antibiotiki. Nikamwambia aangalie ya kwake. Wivu tu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mama mkwe kazi nimeshapata. Kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mke wangu akauliza barua iko wapi. Nikasema inachapwa. Nisipopata, sijui uso huu nitauweka wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine imepima. Miwani: dawa tele. Mimi: sifuri! Profesa akaeleza mbele ya wote kwamba antibiotiki huua bakteria wasiobeba jeni yetu na kinga iliyoambatana nayo. Ukiiacha, wavivu wanautupa mzigo huo wa jeni, wanakula mafuta, wanazaana, na kazi hawafanyi. Kumbe wiki nzima nafuga mashemeji! Ajira kapata Miwani. Mimi nimepewa mwezi mmoja wa kuosha chupa, kwa huruma. Mama mkwe keshawatangazia majirani wote. Nilijifungia stoo nikalia, kweli kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Naosha chupa. Miwani kaniomba kistaarabu nizichemshe zote kwa mvuke, dakika ishirini kila mkupuo, ili kuua bakteria wa zamani waliobaki, ndipo aweke wake wapya. Dakika ishirini! Za nini? Nimezipangusa kwa kitambaa, zinang'aa ajabu. Nimemaliza kabla ya chai. Profesa akiona kasi hii, Miwani ajiandae.